Vyoo Vilivyosubiri Mgeni Rasmi

Katika nchi ya Sitirika, ambayo msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani kwa kuwa ramani yake imechorwa lakini bado haijazinduliwa, ipo sheria moja ambayo raia wanaifahamu kuliko wimbo wao wa taifa. Sheria hiyo inasema kwamba kitu chochote kilichojengwa na serikali hakitatumika mpaka kizinduliwe na mgeni rasmi. Ni sheria nzuri, na Wasitirika wanaiheshimu. Lipo daraja la zege ambalo watu hupita chini yake, suruali zimekunjwa mpaka magotini na viatu vimeshikwa mkononi, wakiinua macho kulitazama na kulisifia. Ipo wodi ya wazazi ambayo kina mama hujifungulia barazani kwake, wakichungulia dirishani na kukubaliana kwamba vitanda vya ndani ni vizuri mno.

Kisa hiki kilimpata Ndugu Hozza Mbelwa, mtu mpole mwenye mashavu ya mviringo, ambaye kwa miaka mingi alikuwa Afisa Josho wa wilaya ya Kandokando. Kazi yake ilikuwa kusimamia uogeshaji wa ng'ombe. Josho lilipopasuka na dawa yote ikaishia ardhini, ng'ombe walirudi makwao, na Hozza akabaki na cheo, kofia na kiti. Ndipo Wizara ya Furaha na Ajira ikaagiza kila wilaya iwe na Afisa Ustawi wa Wanafunzi, ili wanafunzi wote wa Sitirika wawe na furaha, na wawe na ujuzi wa kazi, kabla ya mwaka wa fedha kwisha.

"Wewe ulikuwa unawaogesha ng'ombe wakatoka wamechangamka," Mkurugenzi wa wilaya alimwambia. "Mwanafunzi naye ni vivyo hivyo, ila hana mkia."

Hozza alitaka kusema kwamba zipo tofauti nyingine, lakini Mkurugenzi alikuwa tayari anamvisha fulana ya kazi. Ilikuwa ya njano, imechorwa uso unaotabasamu, nayo ilimbana, hivyo tabasamu likavutika kwenye tumbo lake mpaka likaanza kutisha.

Asubuhi iliyofuata alikwenda Shule ya Sekondari Kandokando. Mkuu wa shule, Mwalimu Perpetua Ngwale, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, alimpeleka kwenye darasa la kidato cha tatu na kumwacha ajionee. Hozza alikuta darasa la ajabu. Wanafunzi wote walikuwa wameketi wima, magoti yamebanana, wanamtazama kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali. Hakuna aliyenong'ona wala kumtupia mwenzake karatasi.

Akaamua kuwachangamsha. Alikuwa na kichekesho kimoja tu maishani, cha ng'ombe aliyekataa kuoga mpaka apewe taulo, lakini kilikuwa kizuri, na kilishawahi kumwangusha kitini daktari wa mifugo. Akakisimulia chote, na sauti ya ng'ombe akaitoa. Darasa lilimsikiliza kwa hofu iliyokuwa ikiongezeka. Msichana mmoja alifumba macho. Mvulana wa nyuma aliuma kola ya shati lake. Alipofika kwenye taulo, kiranja wa darasa alinyoosha mkono na kumwomba, kwa heshima zote, aishie hapo.

Hozza alitoka nje akiwa ameumia. Msichana aliyefumba macho akamfuata. Jina lake lilikuwa Semeni Dihenga.

"Shikamoo, Afisa."

"Marahaba. Hebu niambie, mwanangu, kichekesho changu kilikuwa kibaya?"

"Kilikuwa kizuri sana. Ndiyo maana tuliogopa."

"Mliogopa nini?"

"Afisa, mtu akicheka kwa nguvu huku amebanwa, kinatokea nini?"

Hozza alifikiri. Picha ilipomjia, masikio yake yakapata moto.

Semeni akampeleka nyuma ya madarasa. Palikuwa na shimo na mabaki ya ukuta, pale vyoo vya zamani vilipobomolewa na mvua. Kando yake palisimama jengo jipya lenye milango ya buluu na vigae vyeupe, upande wa wasichana na upande wa wavulana, paa lake linang'aa. Milango ilikuwa na kufuli. Utepe mwekundu ulikuwa umefungwa kutoka pembe moja ya jengo mpaka nyingine, na pale katikati mbuzi alikuwa ameula kidogo. Hozza alitega sikio mlangoni, akasikia maji yakidondoka kwenye tangi la ndani, taratibu, kwa utulivu mkubwa.

"Tunabana mpaka kengele ya mapumziko, halafu tunakimbilia sokoni," Semeni alisema. "Wanaokaa mbali wameacha kunywa maji. Rafiki yangu Mwahija siku hizi anaona heri abaki kwao."

Mwalimu Perpetua alipoulizwa, alieleza kwa ufupi. Wageni rasmi walikuwa wamealikwa wengi. Kila mmoja alikubali kwa furaha mpaka alipouliza anazindua nini. Hakuna aliyetaka jina lake lichongwe kwenye jiwe la choo. Mmoja wao alikuwa na moyo, akasema atakuja iwapo jengo litaitwa Kituo cha Tafakuri, lakini kabla kibao hakijakauka rangi akahamishiwa Idara ya Mbegu.

Hozza alirudi nyumbani akifikiri kwamba kazi yake ilikuwa rahisi kuliko alivyodhani. Angelieleza jambo lile kwenye bodi ya shule, wangefungua kufuli, na watoto wangecheka. Alilala vizuri sana.

Mwenyekiti wa bodi alikuwa Mheshimiwa Bakuza, diwani mwenye sauti iliyozoea kipaza sauti. Hata akiomba chumvi nyumbani kwake alianza kwa kusema itifaki imezingatiwa. Alifungua kikao kwa hotuba iliyoanza na historia ya elimu duniani, na ilipofika Sitirika chai ilikuwa imeshapoa. Kisha akampa Hozza nafasi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," Hozza alisema, "nimetembelea shule. Wanafunzi hawana furaha kwa sababu wamebanwa."

"Wamebanwa na nini? Mitaala?"

"Haja, Mheshimiwa."

Wajumbe wakatazama dari. Bakuza akavua miwani.

"Ndugu Afisa, kimsingi hiki ni kikao cha ustawi. Haja ni miundombinu. Ukiingiza miundombinu kwenye ustawi, utakuta ustawi umelowa."

"Ndiyo hasa ninachosema, Mheshimiwa. Kama kufuli lingefunguliwa tu—"

"Bila mgeni rasmi? Tuvunje sheria mbele ya watoto, halafu tuseme tunawalea?"

Wajumbe walitikisa vichwa kwa masikitiko. Hata hivyo, kwa kuwa Bakuza hakupenda mjumbe yeyote atoke kikaoni akijiona amepuuzwa, aliamuru hoja ya Hozza iingizwe kwenye muhtasari kwa lugha inayofaa. Katibu akaandika kwamba wanafunzi wa Kandokando wana msukumo mkubwa wa ndani. Wote walikubaliana kwamba hiyo ilikuwa habari njema, na wakaipigia makofi. Baada ya hapo wakaazimia kwamba kuta za shule zipakwe rangi ya njano, na kwamba wanafunzi, kabla ya kupewa uji, watamke kwa pamoja kuwa wana furaha.

Ajenda ya pili ilikuwa mafunzo ya kazi. Mjumbe mmoja alipendekeza useremala. Ikabainika kwamba randa na misumeno ipo, lakini imo kwenye stoo ambayo haijazinduliwa. Mwingine akapendekeza ushonaji, na vyerehani navyo vikawa kwenye stoo hiyo hiyo. Aliyetaja kilimo alijibiwa kwamba hiyo ndiyo kazi ya wazazi wao, na hali ya wazazi wao inaonekana.

"Kimsingi tujiulize, soko linataka nini?" Bakuza alisema. "Ni watu gani wanaopungua katika wilaya hii?"

Hozza alikuwa amechoka. Fulana ilimkaba, na mawazo yake yalikuwa kwa wale watoto walioacha kunywa maji. Akajibu kwa uchungu, bila kuinua uso:

"Wageni rasmi, Mheshimiwa. Hao ndio tunaowatafuta bila kuwapata."

Hozza alijua amejiharibia. Alianza kulifikiria josho lake lililopasuka, na jinsi atakavyokaa pale kando yake mpaka astaafu.

"Rudia," Bakuza alisema.

"Nisamehe, Mheshimiwa, ulimi—"

"Rudia, katibu aandike. Umewahi kumwona mgeni rasmi asiye na kazi? Umewahi kumwona amekonda?" Bakuza alisimama, macho yanang'aa. "Madaraja yanasubiri. Wodi zinasubiri. Kila jengo nchini linalia mgeni rasmi, na sisi tunataka kuwafundisha watoto kupiga randa. Ndugu wajumbe, Kandokando itakuwa ya kwanza kuzalisha wageni rasmi wa ndani."

Ndivyo ulivyoanzishwa Mchepuo wa Ugeni Rasmi. Hozza, akiwa mwenye wazo, alipewa jukumu la kuusimamia, na aliikubali heshima hiyo kwa mdomo uliobaki wazi.

Mafunzo yalianza mara moja, kwa kuwa hayakuhitaji vifaa. Somo la kwanza lilikuwa kuchelewa. Mwalimu Perpetua, ambaye maisha yake yote alikuwa amewaadhibu wachelewaji, sasa alisimama getini akiwapa alama. Aliyefika kengele inapogonga alipata sifuri. Aliyefika wenzake wakiwa wamekata tamaa kabisa alipata zote. Wapo waliokuwa na kipaji. Mvulana mmoja alichelewa kwa ustadi kiasi kwamba hajaonekana hadi leo, na bodi ikampitisha kwa heshima.

Baadaye walifundishwa kuketi kwenye sofa bila kuegemea, kuinua chupa ya maji na kuirudisha bila kunywa, na kupanda mti ambao mwingine ameshauchimbia shimo na mwingine ataumwagilia. Walifundishwa kuwauliza wananchi kama wapo, huku wakiwaona. Somo gumu kuliko yote lilikuwa kuahidi. Ahadi nzuri, mtaala ulieleza, ni ile ambayo msikilizaji anafurahi nayo lakini akifika nyumbani hawezi kuieleza.

Semeni Dihenga aliwashinda wenzake karibu kila mahali. Alitembea taratibu, alitikisa kichwa panapostahili, na alipomshika mtoto mchanga kwa ajili ya picha, mtoto hakulia. Kwenye ahadi tu ndipo alipoanguka. Alipotakiwa kuwaahidi wananchi wa mfano maendeleo, aliwaambia ataleta ndoo mbili za kusafishia ubao, kisha akaenda akazileta. Bakuza alimwonea huruma.

"Msichana ana akili," alimwambia Hozza, "lakini ahadi zake zinatekelezeka. Kimsingi mumsaidie kabla haijawa tabia."

Ulipokaribia mtihani wa vitendo, Mwalimu Perpetua alimwita Hozza ofisini na kufunga mlango.

"Kila mwanafunzi lazima azindue kitu," alisema. "Hapa shuleni kila kitu kimefunguliwa, isipokuwa stoo na vyoo."

"Wazindue stoo, basi."

"Ufunguo wa stoo umepotea. Wa vyoo ninao."

Hozza alimtazama. Mwalimu Perpetua alimtazama pia, bila kupepesa.

"Lakini sheria, Mwalimu."

"Nimeisoma. Inasema mgeni rasmi ni mtu aliyetambulishwa hivyo na mshereheshaji mbele ya umma, akaketi mbele na kuwekewa chupa ya maji. Haisemi umri. Na mshereheshaji wa mtihani ni wewe."

Hozza aliomba muda wa kufikiri, na akautumia wote kutofikiri. Alikuwa mwoga na alijijua. Lakini siku ya mtihani, aliposimama na kipaza sauti mbele ya wanafunzi wote wenye magoti yaliyobanana, alimwona Bakuza ameketi kama msimamizi, amejaa fahari, hana habari. Akamwona na Semeni akija kutoka mbali, amechelewa vizuri sana, anawapungia mkono watu wasiomjibu. Sauti ikamtoka kabla hajaizuia.

"Mabibi na mabwana, namtambulisha kwenu mgeni rasmi wa leo, Mheshimiwa Semeni Dihenga."

Makofi yalipigwa. Bakuza alipiga kuliko wote. Semeni aliketi, akawekewa chupa ya maji, akasimama tena.

"Sitasema mengi," alisema, na kweli hakusema mengi. "Vyoo hivi ni vyenu. Viko wazi kuanzia sasa. Wenye haja zaidi watangulie."

Akakata utepe. Mwalimu Perpetua akafungua makufuli. Shule nzima ikapita mbele ya meza kuu kama maji ya mvua, huku Bakuza ameinamia karatasi akimpunguzia Semeni alama kwa hotuba fupi. Alipoinua kichwa, viti vilikuwa vitupu.

"Wanaingia," alisema.

"Ndiyo, Mheshimiwa," Hozza alijibu.

"Wanaingia kabisa?"

"Vimezinduliwa, Mheshimiwa. Mgeni rasmi umempigia makofi mwenyewe."

Kwa mara ya kwanza tangu aingie siasa, neno kimsingi lilimtoka Bakuza peke yake, bila kufuatwa na kitu.

Alasiri hiyo Hozza alirudi kidato cha tatu na kuwasimulia tena kichekesho cha ng'ombe. Alipotoa sauti ya ng'ombe, madirisha yalitikisika kwa kicheko. Alipofika kwenye taulo, dawati la nyuma lilianguka na watu wake, nao wakaendelea kucheka wakiwa chini. Hozza alitoka nje akisingizia kumtafuta Mwalimu Perpetua, lakini ukweli ni kwamba alikwenda kufuta macho. Haukupita muda Mwahija akarudi shuleni, na chupa yake ya maji ikiwa imejaa.

Mambo yangeishia hapo kama furaha ingekuwa kitu cha kuficha. Habari zilifika makao makuu kwamba huko Kandokando wanafunzi wanacheka bila kuamrishwa. Waziri wa Furaha na Ajira mwenyewe akaamua kwenda kuona. Akasema kwamba chochote kile kilicholeta furaha hiyo, atakizindua yeye.

Bakuza alifika ofisini kwa Hozza jasho likimtiririka.

"Anakuja Waziri," alisema. "Anakuja kuzindua kitu kilichokwisha kuzinduliwa na mtoto wa kidato cha tatu. Unaelewa tumepata msiba gani?"

"Tumweleze ukweli, Mheshimiwa."

"Ukweli ataupata kwenye hotuba yangu. Vyoo vifungwe leo, utepe urudishwe."

"Vifungwe?"

"Vifungwe ili vifunguliwe. Kimsingi ni kama kumlaza mtu ili umwamshe. Na atakayevifunga ni wewe uliyevifungua, la sivyo josho lako bado liko pale pale."

Hozza alivifunga. Alibana makufuli kwa mikono yake mwenyewe, akafunga utepe mpya, na alipogeuka akamkuta Semeni amesimama nyuma yake. Hozza alitaka kueleza kwamba ni kwa siku chache tu, kwamba yeye ni mtu mdogo, kwamba amri imetoka juu. Semeni hakuuliza.

"Mwahija alikuwa ameanza kuja kila siku," alisema, kisha akaenda zake.

Maneno hayo Hozza alikwenda nayo nyumbani, akala nayo, na hayakushuka.

Siku ya ziara, Waziri alisafiri kwa barabara ambayo bado haikuwa imezinduliwa, maana yake gari lilipita kando yake, kwenye mashimo. Katika kila kijiji wananchi walisimamisha msafara na kumpa kinywaji: hapa togwa, pale chai, mbele uji wa ulezi, kule maziwa mgando. Kwa kuwa alikuwa Waziri wa Furaha, hakuweza kukataa, na kila kibuyu alikimaliza huku akitabasamu. Alipofika shuleni alishuka garini polepole mno, akatembea kwa hatua fupi fupi mpaka kwenye turubai, na akaketi.

Hozza, mshereheshaji wa siku hiyo, alikuwa amesimama karibu naye. Ratiba ilikuwa ndefu. Kulikuwa na kwaya, ngonjera, igizo juu ya umuhimu wa ratiba, risala, na historia ya shule kutoka kwa Mwenyekiti wa bodi. Uzinduzi wa vyoo ulikuwa mwisho kabisa, ili hamu ipande.

Kwaya ilipokuwa ikiimba, Hozza alimtupia Waziri jicho. Alimwona ameketi wima. Magoti yamebanana. Macho yametazama mbele, kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Wakati wa igizo, mhusika mmoja alianguka kwa kuchekesha na umati ukaangua kicheko. Waziri alifumba macho na kuuma tai yake.

Hozza alimfahamu mtu huyo. Alikuwa ameshakutana na darasa zima la watu kama yeye.

Bakuza alipanda jukwaani na kuanza historia ya shule, akianzia enzi ambazo eneo lile lilikuwa bahari. Waziri akamwashiria Hozza kwa kidole kimoja.

"Ndugu," alinong'ona, bila kusogeza sehemu nyingine yoyote ya mwili, "hapa choo kiko wapi?"

"Kile pale, Mheshimiwa. Chenye utepe."

"Nipelekeni."

"Hakijazinduliwa, Mheshimiwa. Unakizindua wewe, baada ya historia, risala na zawadi."

Waziri alitazama utepe, akamtazama Bakuza, ambaye bahari yake ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kukauka.

"Kwa mujibu wa sheria," Hozza alisema, na moyo ulikuwa unampiga mpaka uso uliochorwa tumboni mwake ukawa unacheza, "ipo njia moja. Vyoo hivi vilishazinduliwa. Alivizindua yule msichana aliyeshika maua, Semeni Dihenga, mbele ya umma, na chupa ya maji aliwekewa. Tukavifunga ili usivunjiwe heshima. Ukimtambua yeye kuwa mgeni rasmi, viko wazi sasa hivi. Usipomtambua, tuendelee na ratiba."

Hakujua ameyatoa wapi maneno hayo. Alijua tu kwamba hayarudishiki, na kwamba kesho huenda akaamkia joshoni, na kwamba, ajabu, yale maneno ya Semeni yalikuwa yameshuka.

Waziri alikuwa mtu wa heshima kubwa. Shule nne na soko moja vilikuwa na jina lake. Ilionekana usoni kwake jinsi heshima hiyo ilivyokuwa ikipambana na togwa, na kwa muda haikujulikana nani atashinda. Kisha akanyoosha mkono.

"Kipaza sauti."

Hozza akamnyang'anya Bakuza kipaza sauti katikati ya sentensi.

"Ndugu wananchi," Waziri alisema kwa sauti nyembamba, "namtambua Mheshimiwa Semeni Dihenga kuwa mgeni rasmi. Alichokifungua kimefunguka. Kila mtu abaki alipo."

Akaondoka. Hozza alitangulia mbio na funguo, Bakuza alifuata mbio na mkasi juu ya mto mdogo wa hariri, akimsihi Waziri angoje japo picha moja. Waziri hakungoja. Aliukata utepe kwa kifua, kama mwanariadha anayemaliza mbio, na mlango ukafungwa.

Umati ulisimama kwa heshima. Kwaya, isiyojua itifaki inasemaje hapo, iliimba ubeti mmoja kwa sauti ya chini, ikaacha. Maji yakasikika yakishuka. Mlango ulipofunguliwa, alitoka mtu mwingine kabisa: mabega yameshuka, uso umelegea, anawatazama watu kana kwamba amewakumbuka. Alirudi jukwaani. Bakuza akamkabidhi hotuba yake iliyoandaliwa, nene kama tofali. Waziri aliipima uzito mkononi, akaiweka chini.

"Hivi hawa watoto walikuwa wanakaa hivyo kila siku?" aliuliza.

Bakuza aliinama kuiokota hotuba.

"Mwaka mzima?"

"Ndiyo, Mheshimiwa," Semeni alisema.

Waziri aligeuka kulitazama jengo. "Lisifungwe tena," alisema, na hiyo ndiyo ikawa hotuba. Redio ya taifa iliieleza jioni kuwa ndefu na yenye kina.

Watu walipoanza kutawanyika kuelekea kwenye pilau, Hozza akagundua kwamba yeye mwenyewe alikuwa hajaenda haja tangu asubuhi, kwa hofu. Akaelekea upande wa wavulana. Foleni ilikuwa ndefu. Akasimama mwisho wake, nyuma ya mvulana mfupi aliyekuwa akipiga mluzi. Baada ya muda akasikia pumzi nzito karibu na shingo yake. Alikuwa Bakuza, miguu imepishana, mkasi bado uko juu ya mto.

"Ndugu Afisa," alinong'ona, "kimsingi mimi ni Mwenyekiti."

"Najua, Mheshimiwa. Simama nyuma yangu, inasogea haraka."

Bakuza alifikiri, akasimama nyuma yake. Foleni ilisogea. Zamu ya Hozza ilipofika, aliivuta fulana yake, akaingia, akabana komeo kwa ndani. Hakuna aliyemtambulisha, na hakuna aliyempigia makofi.